Ukingo mpya kwa wufa ya zamani: tathmini ya seti ya matengenezo ya inchi 8

Seti ninayoitathmini ni ile ya kubadilishia ukingo wa wufa, ile spika ya sauti nzito za besi. Ukingo ni pete ya sponji inayoizunguka koni, ile sehemu ya mbele inayotetemeka, na kuishikiza kwenye fremu ya chuma. Imetengenezwa kwa ajili ya wufa za inchi 8, na ndani yake mna pete mbili, za kutosha jozi moja. Nilizifunga kwenye spika mbili kwa kupishana miezi mitatu, na sasa umepita mwaka mzima tangu gundi ya pete ya kwanza ikauke. Katika ile miezi mitatu ya katikati nilijaribu pia njia nyingine mbili, ya kumpa fundi afunge koni mpya na koili mpya (ule waya uliozungushwa nyuma ya koni) na ya kutafuta wufa tofauti ya kuweka mahali pa ile iliyoharibika, na zote mbili zitaingia katika tathmini hii, kwa sababu thamani ya seti haionekani vizuri mpaka mtu aone inamwepusha na nini.

Maboksi yangu ni ya njia mbili, wufa chini na twita, spika ndogo ya sauti za juu, juu yake, yamezibwa kabisa bila tundu la hewa. Yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20 nilipoanza kusikia besi ya upande wa kushoto ikikwaruza, hasa gitaa la besi lilipopiga noti za chini na kuzishikilia. Nilipotoa kitambaa cha mbele nilikuta ukingo umepasuka karibu robo tatu ya mzunguko wake, na nilipougusa kwa ncha ya kidole ulimomonyoka ukaacha unga mweusi unaonata, mithili ya masizi yaliyochanganywa na asali. Ukingo wa kulia ulionekana mzima kwa macho, lakini uliposukumwa kidogo tu ulitoboka. Huo ndio mwisho wa kawaida wa sponji ya poliyurethani. Unyevu wa hewani huivunjavunja polepole, mwanga wa jua na ozoni huongeza kasi ya uozo huo, na hata spika iliyowekwa kabatini bila kupigwa huoza vilevile. Kwa kawaida ukingo wa namna hii hudumu miaka 10 hadi 20, kwa hiyo wangu ulikuwa umekwishatimiza wajibu wake.

Kosa langu lilitokea kabla sijanunua chochote, nalo ni kuendelea kupiga muziki kwa wiki kadhaa baada ya kusikia mkwaruzo wa kwanza. Koni hushikiliwa mahali pawili. Mbele kuna ukingo, na nyuma, karibu na sumaku, kuna kitambaa cha mikunjo, mara nyingi cha rangi ya kahawia au njano. Viwili hivyo kwa pamoja ndivyo vinavyoiwezesha koili kwenda mbele na kurudi nyuma katikati ya mwanya wa sumaku bila kugusa chuma, na mwanya wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba kila upande wa koili hubaki nafasi ya sehemu tu ya milimita. Ukingo ukipasuka upande mmoja, koni huinama, koili husugua chuma, vanishi inayoufunika waya wa shaba hukwanguka, na uharibifu uliokuwa wa sponji peke yake hugeuka kuwa uharibifu wa koili. Anayeona ufa kwenye ukingo wa wufa yake aizime siku hiyohiyo na asiipige tena mpaka itengenezwe, kwa kuwa tofauti ya wiki chache ndiyo inayoamua kama seti hii itamfaa au haitamfaa.

Nilizitoa wufa zote mbili kwenye maboksi, nikatenganisha nyaya, nikazipima kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme. Wufa ya omu 8 haisomi 8 kwenye mita. Ikiwa nzima husoma takriban kati ya 5.5 na 7, kwa kuwa omu 8 zinazoandikwa nyuma ya sumaku ni ukinzani wake kwa mkondo geu wa muziki, ilhali mita hupima kwa mkondo mnyoofu wa betri. Ya kulia ilisoma 5.8 na namba ikatulia. Ya kushoto ilisoma 5.7, lakini nilipoisukuma koni taratibu kwa vidole namba iliruka, ikapotea, kisha ikarudi. Jaribio la pili ni la sikio: koni husukumwa ndani kwa usawa, vidole vikigawana mzunguko wake, na sikio huwekwa karibu kabisa. Ya kulia ilienda na kurudi kimya. Ya kushoto ilitoa sauti ya mchanga chini ya soli ya kiatu. Kwa wufa ya kushoto maji yalikuwa yamezidi unga, na hakuna pete ya sponji ambayo ingeirudisha.

Hapa ndipo ninapoweka lawama yangu ya kwanza kwa seti. Si kwenye boksi lake wala kwenye karatasi ya maelekezo palipoandikwa kwamba mnunuzi apime koili kwanza. Ni sentensi mbili tu ambazo zingemwokoa mtu asibandike ukingo mzuri kwenye spika iliyokwishakufa, na kutokuwapo kwake ni upungufu mkubwa kuliko kasoro yoyote ya vifaa vyenyewe.

Vifaa vyenyewe ni vizuri. Mna pete mbili, chupa ndogo ya gundi nyeupe, brashi ya nywele laini, vipande vinane vya plastiki nyembamba vya kuisawazisha koili, vifuniko viwili vipya vya katikati ya koni, na karatasi moja ya maelekezo yenye picha ndogo mno. Pete nilizishika mbele ya taa na kuzizungusha, nami sikuona mahali palipokuwa pembamba kuliko pengine. Mkunjo wake umeumbwa sawasawa, na ulimi wa ndani, ule unaobandikwa kwenye koni, umepewa mwinamo unaofuata mteremko wa koni, jambo ambalo pete za ovyo hukosa, zikawa bapa na kulazimisha koni ikae imeinuliwa.

Kuhusu vipimo, muuzaji alistahili sifa. Neno "inchi 8" halimwambii mtu chochote cha kumsaidia, kwa sababu linahesabu upana wa fremu, na wufa mbili za inchi 8 zinaweza kuwa na koni zinazopishana kwa zaidi ya sentimita moja. Kinachotakiwa ni vipenyo vinne: cha koni yenyewe, cha mahali mkunjo unapoanzia, cha mahali unapoishia, na cha sehemu bapa ya fremu ambapo ulimi wa nje hulala. Koni yangu ilikuwa 150 mm na sehemu ya nje ya fremu 196 mm, na tangazo la seti lilitoa vipimo vyote vinne, pete ikipishana na fremu yangu kwa milimita moja tu. Pishano la milimita moja au mbili kwenye ulimi wa nje hupunguzwa kwa mkasi. Pishano kwenye mkunjo halina dawa, kwani koni itagonga au itavutwa. Muuzaji huyohuyo ana pete za mpira za vipimo vilevile, nami nilivutiwa nazo kwa kuwa mpira hudumu kuliko sponji. Nikaziacha kwa sababu mpira ni mzito zaidi na ukakamavu wake ni tofauti, na aliyebuni spika zangu alizipigia hesabu akiwa na sponji mikononi.

Kazi ya wufa ya kulia ilichukua jioni tatu, na jioni ya kwanza yote ilikuwa ya kusafisha. Sponji iliyooza hutoka kwa kidole. Gundi ya zamani iliyobaki chini yake haitoki hivyo. Koni yangu ni ya karatasi, kwa hiyo sikuthubutu kuilowesha. Nilichovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, nikapaka sehemu ya upana wa kidole, nikasubiri nusu dakika, kisha nikaikwangua gundi kwa ukucha na kwa kipande cha mti kilichochongwa bapa, halafu nikasogea sehemu inayofuata. Kwa mwendo huo mzunguko wa koni moja ulichukua saa mbili. Fremu ni ya chuma, nayo huvumilia kukwanguliwa kwa kisu, ila wufa igeuzwe uso chini ili makombo yasiingie kwenye mwanya wa sumaku.

Kisha kuna kifuniko cha katikati, ile kofia ndogo iliyoviringana. Karatasi ya maelekezo inasema kikatwe na kutupwa, halafu kibandikwe kipya. Mimi nilikikata kwa wembe mpya, nikiacha utepe wa milimita 2 ukiwa bado umeshika kwenye koni, ili nipate mahali pa kukirudishia kilekile cha asili. Vifuniko vya kwenye seti ni vyepesi kuliko vyangu na umbo lake ni tofauti kidogo, na kifuniko hicho hushiriki katika sauti za juu za wufa, pale inapokaribia kumkabidhi twita kazi. Anayekata awe mwangalifu, kwa maana sumaku huuvuta wembe kwa nguvu usiyoitegemea, na mkono wangu ulivutwa kuelekea chini mara ya kwanza wembe ulipopenya. Baada ya kukiondoa nilikunja utepe wa kunata, upande wa gundi ukiwa nje, nikauzungusha kwenye mwanya, nao ukatoka na vumbi jeusi na chembe mbili za chuma zilizong'aa. Chembe moja kama hiyo ikibaki, ukingo mpya hautazuia mkwaruzo.

Jioni ya pili nilibandika ulimi wa ndani kwenye koni. Gundi ya seti hii ni ya maji, nyeupe ikiwa mbichi na angavu ikikauka, na humpa mtu takriban dakika 10 za kusogeza kabla haijashika. Ninaisifu bila kusita. Gundi za kushika papo hapo hukauka zikawa ngumu kama kioo na kupasuka koni inapotikisika, na hazimpi mtu nafasi ya kurekebisha. Nilipaka pande zote mbili kwa brashi, nikasubiri mpaka weupe uanze kufifia, nikaiweka pete, halafu nikaizunguka kwa kidole gumba na cha shahada mara nne au tano, nikibana kila sentimita. Nikaiacha usiku kucha.

Jioni ya tatu ndiyo inayoamua kila kitu, kwa kuwa ndipo ulimi wa nje unapobandikwa kwenye fremu, na mahali koili itakapokuwa wakati huo ndipo itakapoishi. Vipande vya plastiki huingizwa kati ya silinda ya koili na nguzo ya chuma iliyo katikati ya sumaku, vinne, mahali pa saa 12, 3, 6 na 9, ili koili isiweze kuegemea upande wowote. Vipande vya seti vina unene mmoja tu, karibu 0.2 mm, navyo kwenye wufa yangu vililegea: koili ilicheza, kidogo sana, lakini ilicheza. Nilikata vipande vya karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ambayo unene wake ni takriban 0.1 mm, nikakiambatisha kimoja na kila plastiki, na koili ikatulia bila kubanwa. Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu karatasi ya maelekezo inaliruka kabisa, na mtu atakayeamini kwamba vipande vilivyomo vinatosha atabandika ukingo wake vizuri kisha akashangaa kwa nini besi bado inakwaruza. Vipande vikikaa sawa, hupakwa gundi kwenye fremu, ulimi hulazwa juu yake, na vibanio vya nguo huushikilia. Vibanio kumi na viwili vilinitosha.

Baada ya saa 24 nilivitoa vipande, nikaisukuma koni kwa vidole huku sikio likiwa karibu, na hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa pumzi ya hewa ikipita kwenye mwanya. Nikaiunganisha na amplifaya, nikapiga mlio wa 25 Hz, yaani mitetemo 25 kwa sekunde, kwa sauti ya chini, nikaitazama koni ikienda na kurudi kama kifua cha mtu aliyelala. Ni baada ya hapo tu nilipokibandika tena kifuniko cha katikati, kwa sababu kikisharudishwa hakuna njia ya kusahihisha mkao wa koili bila kukikata tena.

Sikutaka kuhukumu kwa sikio peke yake, kwa hiyo niliipima. Kila wufa ina masafa yake, yaani kasi ya mtetemo, ambayo koni hupenda kutetemeka yenyewe, yanayotokana na uzito wa vitu vinavyotembea na ukakamavu wa ukingo pamoja na kitambaa cha mikunjo. Kuyapata si kazi ngumu. Wufa ikiwa nje ya boksi, huunganishwa na amplifaya kupitia kizuizi cha omu 1000, milio ya masafa mbalimbali hupigwa kutoka kwenye simu, na multimita, ikiwa imewekwa kwenye voltu za mkondo geu, hushikizwa kwenye ncha mbili za wufa. Masafa ambayo voltu hupanda kuliko kwingine kote ndiyo yanayotafutwa. Jedwali la kiwanda la spika zangu linataja 35 Hz. Siku ya kwanza baada ya matengenezo nilipata 38, na baada ya wiki tatu za kupigwa, sponji ilipokwishalainika, nikapata 35. Kwa kipimo hicho peke yake seti ilikuwa imetimiza ahadi yake.

Wufa ya kushoto ilikuwa na safari ndefu zaidi. Niliipeleka kwa huduma ya matengenezo ya spika ambayo sitaitaja, nikiomba koili na koni zibadilishwe, na ikarudi baada ya siku kumi ikiwa inang'aa, koni nyeusi nene, kazi ya mikono iliyo safi kwa kutazama. Mita ilisoma omu 3.4. Hiyo ni koili ya omu 4, iliyofungwa mahali pa ile ya omu 8, na kwa voltu zilezile huvuta mkondo karibu mara mbili, kiasi kwamba amplifaya isiyopenda mzigo mzito ingeweza kuungua, na kichujio kinachogawa sauti kati ya wufa na twita kilikuwa kimepoteza hesabu zake. Masafa yake yalikuwa 54 Hz badala ya 35. Halafu nikafanya jaribio la betri, lile la kugusisha betri ya voltu 1.5 kwenye ncha za wufa, chanya kwa chanya, ambapo koni hutakiwa kuruka nje. Yangu iliruka ndani. Nyaya zilikuwa zimelehemiwa kinyume, na laiti ningeifunga hivyo, wufa moja ingekuwa inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, besi ikafutika katikati ya chumba.

Fundi hakuwa mlaghai, na nilipomwonyesha alikubali kugeuza nyaya papo hapo. Tatizo lilikuwa la vipuri. Kazi hiyo hufanywa vizuri pale ambapo koni, koili, kitambaa cha mikunjo na ukingo vinatoka kwa mtengenezaji wa spika yenyewe kama seti moja, jambo linalowezekana kwa spika nyingi kubwa za kumbi na matamasha, ambazo watengenezaji wake hutarajia koili ziungue na huuza vipuri miaka nenda miaka rudi. Kwa wufa ya nyumbani ya miaka 20 iliyopita vipuri hivyo kwa kawaida havipo, na kinachofungwa ni koni yoyote inayoingia kwenye fremu. Fremu na sumaku ni zilezile, lakini spika ni nyingine. Anayeipeleka spika yake kwa fundi aulize kabla ya yote koili itakayofungwa ni ya omu ngapi na koni inatoka wapi, na asipopata jibu la wazi aichukue spika yake aondoke nayo.

Njia ya tatu ni kununua wufa mpya kabisa. Wengi huipendekeza kana kwamba ni sawa na kubadili balbu. Boksi na wufa yake ni kama chanda na pete. Katika boksi lililozibwa, hewa ya ndani hufanya kazi ya springi inayoirudisha koni mahali pake, wazo ambalo Edgar Villchur alilijengea spika zake nchini Marekani mwaka 1954, na springi hiyo hupangwa kulingana na koni mahususi. Neville Thiele, nchini Australia, mwaka 1961, na baada yake Richard Small mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliyaweka mahusiano hayo katika namba, na ndizo zinazochapishwa hadi leo kwenye jedwali la kila wufa inayouzwa na mtengenezaji makini: Fs, ambayo ndiyo yale masafa ya koni niliyoyapima, Qts, inayoonyesha jinsi mtetemo unavyodhibitiwa, na Vas, inayoulinganisha ulegevu wa koni na ujazo wa hewa. Wufa mbadala isiyokaribiana na ya asili katika namba hizo tatu itatoa ama besi iliyovimba ama besi iliyokonda, hata kama imeingia kwenye tundu la boksi na skrubu zote zimeshika.

Na kuna la nne, ambalo ndilo lililonishinda. Wufa mbili nilizozipata zenye upana unaofaa zilikuwa za 90 dB (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja katika umbali wa mita moja, wakati za kwangu ni 87. Tofauti ya 3 dB ina maana kwamba spika ya zamani ingehitaji nguvu mara mbili ili ilingane na mpya, na twita zangu, ambazo kiwango chake kilipangwa kwa wufa ya 87, zingemezwa. Mtu aliyeamua kununua mpya anunue jozi, asiweke mpya upande mmoja na ya zamani upande wa pili, na awe tayari kukirekebisha kichujio. Mimi sikuwa tayari.

Ndipo nikatafuta wufa iliyotumika ya muundo uleule, nikaipata ikiwa na ukingo uliooza kama wa kwangu, na muuzaji akiiita mbovu. Nilichokitafuta kwake kilikuwa koili. Mita ilisoma 5.9 na haikuruka koni iliposukumwa. Halafu nikaweka pua kwenye matundu ya fremu nyuma ya koni na kunusa, kwa sababu koili iliyowahi kuungua hubaki na harufu kali ya vanishi kwa miaka. Spika hugeuza sehemu ndogo sana ya umeme kuwa sauti, na ile ya 87 dB haifikishi hata nusu ya asilimia moja, yote inayobaki ikiwa joto linaloishia kwenye koili. Anayeilazimisha amplifaya ndogo mpaka sauti ianze kuchanika ndiye huziunguza koili mapema. Hii ilinuka vumbi tu.

Pete ya pili ikaenda huko. Gundi ilikuwa imekaa miezi mitatu kwenye chupa yake na haikuharibika, ingawa ilitosha kwa shida, na anayefunga wufa zenye fremu pana zaidi atafika chini ya chupa kabla hajamaliza. Vipande vya karatasi nilivyokata mara ya kwanza vilifaa tena. Masafa yalitulia kwenye 36 Hz, Hz moja tu kutoka kwa mwenzake, na nilipozirudisha wufa zote mbili kwenye maboksi na kupiga sauti ya mwimbaji mmoja katika spika zote mbili, ilisimama katikati ya chumba bila kuegemea kushoto wala kulia. Nilikaa nikasikiliza mpaka usiku ukawa mwingi.

Katika mwaka huu tatizo moja tu limejitokeza, nalo ni la mkono wangu. Kwenye ile wufa ya pili ulimi wa nje uliachia kwa urefu wa sentimita tatu, na nilipouinua nikakuta utepe mwembamba wa gundi ya zamani ambao sikuukwangua mpaka kwenye chuma. Nilisafisha, nikapaka tone la gundi lililobaki, nikakibana kibanio kimoja usiku mmoja, na haujaachia tena. Pete zenyewe hazijapauka wala kuonyesha nyufa kwenye mkunjo, na nimezichunguza kwa kurunzi kila baada ya miezi mitatu.

Seti hii haimfai mwenye wufa ya koni ya polipropilini, ile ya plastiki inayoteleza, kwa sababu gundi ya maji haishiki vizuri juu yake na huhitaji gundi yake maalumu. Haihusiani na twita, ambayo ikifa hubadilishwa daiaframu (utando wake unaotetemeka) nzima pamoja na koili yake. Kwa mwenye koni ya karatasi, koili inayosoma kama inavyotakiwa na subira ya jioni tatu, nitaipendekeza bila wasiwasi, na nimekwisha kuagiza nyingine kwa ajili ya maboksi ya ndugu yangu. Nimemwandikia pia mtengenezaji nikimwomba mambo mawili: achapishe kwenye karatasi ya maelekezo jinsi ya kupima koili kabla ya kuanza, na badala ya vipande vinane vya unene mmoja aweke vinne vya 0.1 mm, vinne vya 0.2 na vinne vya 0.3.